Sentimita Sitini za Mama Ubao

Watu walisema Mama Ubao anaweza kukuambia kina cha chai kikombeni mwako akiwa amekaa meza ya pili, na kwamba siku ya harusi yake alimtazama bwana harusi mara moja tu, akamwambia viatu vyake vina sentimita mbili za uongo. Hayo ya viatu yametiwa chumvi. Ilikuwa moja na nusu. Lililo la kweli ni kwamba kwa miaka thelathini na mmoja, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, mvua inyeshe isinyeshe, alishuka ngazi ya chuma kwenye nguzo ya pili ya daraja, akautazama ule ubao mrefu wenye namba nyeusi juu ya rangi nyeupe, akasoma maji yamefika wapi, akaandika kitabuni. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu kina cha maji. Safu ya nne, pana kuliko zote, iliitwa Maelezo.

Asubuhi hiyo alikuwa ameitwa ofisini arudishe vitabu na ufunguo wa ngazi.

"Mama yetu, sasa pumzika," alisema Mkurugenzi wa maji, mtu nadhifu ambaye mikunjo ya shati lake ingeweza kukata nyanya. "Umeutumikia mto vya kutosha. Kuanzia leo mto utajisoma wenyewe."

"Kumbe! Umeanza shule lini?" aliuliza Mama Ubao.

Mkurugenzi alicheka kile kicheko cha mtu anayesubiri mwenzake amalize kuongea, kisha akaonyesha ukutani. Hapo mwanga wa mashine ulikuwa umechora mstari wa buluu, unapanda kama kilima, unashuka. Kando yake alisimama msichana mwenye miwani. Pale ofisini walimwita Mhandisi. Kwa Mama Ubao alikuwa mtoto wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumlisha uji na kumfuta makamasi.

"Mama mkubwa, hii ndiyo modeli," alisema Mhandisi kwa upole. "Chukulia ni mto mwingine, mdogo, uliotengenezwa kwa hesabu, unakaa ndani ya kompyuta. Nimeufundisha kwa vitabu vyako vyote. Nikiupa mvua iliyonyesha milimani, unaniambia maji yatafika hapa darajani saa ngapi, na yatafika wapi."

"Na jana milimani imenyesha?"

"Imemwagika. Leo saa kumi jioni, pengine saa moja mbele au nyuma, mto utafika mita tatu na sentimita themanini."

Mama Ubao hakuwa mtu wa kushangaa hovyo, lakini hilo la saa lilimwingia. Miaka yote ubao wake ulijua maji yaliyokwisha kufika tu. Haukuwahi hata siku moja kumwambia nani yuko njiani. Na huyu mtoto, aliyekuwa akiogopa bata, alikuwa ameujua mto kabla haujapiga hodi.

"Hongera, mwanangu," alisema, na alimaanisha. "Sasa niambie. Hiyo tatu themanini ni ya ubao au ya kweli?"

Mhandisi alimtazama Mkurugenzi, na Mkurugenzi akautazama mstari wa buluu.

"Ni ya kompyuta," alisema Mkurugenzi.

"Nimeuliza ya ubao au ya kweli! Ya kweli ni ya ubao ukijumlisha sitini."

"Sitini gani, mama mkubwa?"

Ndipo Mama Ubao akavuta kiti bila kukaribishwa, akaeleza. Miaka kumi na moja nyuma gogo lililoletwa na mafuriko liliuvunja ubao wa zamani. Mafundi walileta mpya, lakini saruji ya chini ya nguzo ilikuwa imepasuka na skrubu hazishiki, basi wakaufunga juu kidogo, sentimita sitini juu ya pale ulipokuwa. Tangu siku hiyo ubao ukisema mita mbili, mto, kwa kipimo cha zamani, una mbili na sitini. Alikwenda ofisini kuripoti, akaambiwa aandike kwenye Maelezo. Akaandika.

Mhandisi alivua miwani. "Mama mkubwa, waliochapa vitabu vyako kwenye kompyuta walichapa namba tu. Maelezo hayakuwa na nafasi. Nilimuuliza karani kuna nini humo, akasema hamna kitu, kumejaa 'kama jana'."

Mama Ubao alifungua kitabu cha juu. Kama jana. Akafungua cha chini yake. Kama jana, kama jana, ukurasa mzima, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri. Mwezi wa kwanza alikuwa ameandika habari yote kila siku, asubuhi na jioni: ubao umepandishwa, jumlisha sitini. Kisha mkono ukachoka. Kama jana. Na kila jana ikaelekeza kwenye jana yake, nayo kwenye jana yake, kurudi nyuma miaka kumi na moja, mpaka kwenye kitabu ambacho hakuna mtu aliyekuwa na subira ya kukifikia. Joto lilimpanda masikioni. Ila hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa kwa muda mrefu.

"Nimekosea," alisema. "Na nyinyi mmekosea. Tuendelee. Modeli yako haikushtuka, mto kushuka sitini kwa siku moja?"

"Ilishtuka," alisema Mhandisi, sauti imeshuka. "Hesabu hazikukubali. Nikatafuta sababu. Nikakuta ripoti kwamba mwaka ule kulipandwa msitu milimani. Msitu hunywa maji na kuzuia mafuriko. Nikaiongezea modeli msitu, na mambo yote yakakaa sawa."

"Msitu upi? Ile miche ya shule? Ilikuwa arobaini! Mbuzi walikula thelathini na minane, na miwili iliyobaki ikafa kwa upweke."

"Nilisoma makala juu ya msitu huo mbele ya maprofesa."

"Walipiga makofi?"

"Walisimama kabisa."

Mkurugenzi alikohoa. "Mabibi, haya ni mazungumzo ya familia. Modeli imejaribiwa kwa miaka mitatu na imepatia kila mara. Inasema tatu themanini. Sakafu ya nyumba ya pampu iko nne ishirini, imeandikwa kwenye ramani, imeandikwa na ukutani. Tatu themanini ni ndogo kuliko nne ishirini, hata mtoto wa chekechea anajua. Mota haziinuliwi, pampu hazizimwi. Mwaka jana tulizima kwa uvumi, mji ukakaa siku tatu bila maji, watu wakaja kunipangia ndoo tupu mlangoni. Leo saa kumi nina wageni wanaokuja kuona modeli ikifanya kazi. Mama, ufunguo tafadhali."

"Hiyo nne ishirini ilipimwa lini?"

"Nyumba ilipojengwa."

"Kwa ubao wa zamani," alisema Mama Ubao, na Mhandisi akashika ukingo wa meza. "Unalinganisha urefu wa watu wawili, mmoja amesimama chini, mwenzake amesimama juu ya stuli."

"Ufunguo, mama."

Mama Ubao alisimama. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake kwa uzi mweusi. Aliutia ndani ya blauzi.

"Nitaurudisha saa kumi na moja jioni, nikishasoma."

"Nakuamuru!"

"Niamuru mimi leo, na saa kumi uuamuru mto. Tuone nani kati yetu ana adabu."

Akatoka na vitabu vyake. Hajafika getini alisikia viatu vya visigino vikimfuata mbio, kisha havikusikika tena. Mhandisi alikuwa amevishika mkononi.

*

Nyumba ya pampu ilikuwa hatua arobaini kutoka darajani, chini ya ukingo. Ndani yake mota nne zilinguruma usiku na mchana, zimelala karibu na sakafu kama ng'ombe wanaocheua, zikisukuma maji kwenye kila bomba la mji. Fundi mkuu wa mitambo, jitu lenye mikono kama makasia, alikuwa baba yake Mhandisi na shemeji yake Mama Ubao. Alizipenda mota zile kiasi kwamba mkewe aliwahi kumfungia mlango, akamwambia akalale huko kwa wake zake wanne. Alikwenda. Alirudi kwa ajili ya chakula tu.

"Shemeji!" alipiga kelele Mama Ubao kuushinda mngurumo. "Wake zako wataoga leo!"

"Nimewafuta jana kwa mkono wangu!"

"Leo wanazama. Zima, uinue."

Fundi alimgeukia binti yake. "Modeli yako inasemaje?"

"Tatu themanini, baba."

Fundi akanyoosha kidole ukutani. Pale ukuta ulipokutana na sakafu, wajenzi walikuwa wamepiga mstari mwekundu na kuandika 4.20. "Na sakafu yangu ni nne ishirini. Sasa mnanitafutia nini asubuhi yote hii?"

"Baba," alisema Mhandisi, "sijui tena hiyo tatu themanini inahesabiwa kuanzia wapi."

Hakuna neno ambalo lingemtisha zaidi. Mtoto huyu alijua kila kitu tangu akiwa na miaka minne.

"Una mpira wa waashi?" aliuliza Mama Ubao.

Fundi alikuwa nao, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi huujaza maji ili wajue kama pembe hii ya nyumba imelingana na ile. Waliunga vipande vitatu, wakautandaza kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo ya pili. Mhandisi alitambaa peku juu ya nyasi, sketi ya ofisini imejaa tope, akiufinya mpira shubiri kwa shubiri kuyatoa mapovu ya hewa, maana povu moja likibaki mpira unasema uongo. Fundi alishika ncha moja hadi maji yalingane na mstari mwekundu. Mama Ubao alishuka ngazi yake na ncha ya pili, akaisimamisha kando ya ubao.

Maji ndani ya mpira yalipanda, yakashuka, yakatikisika kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, yakatulia.

"Tatu sitini!" alipaza sauti.

"Soma vizuri!"

"Shemeji, miaka thelathini na mmoja unaniambia nisome vizuri? Njoo usome mwenyewe!"

Wakabadilishana. Fundi alishuka, akasoma, akafuta macho, akasoma tena. Tatu sitini. Alirudi ndani akautazama ule mwandiko mwekundu kama mtu aliyekuja kugundua uzeeni kwamba mkewe ana jina jingine.

"Yaani maji yakifika tatu themanini ya ubao..."

"Yatakuwa sentimita ishirini juu ya sakafu yako," alisema Mhandisi. "Modeli iko sawa, baba. Namba itafika palepale. Ila sisi ndio hatukujua inamaanisha nini."

Sentimita tano zilitosha kuziua mota zile. Na mota za aina hiyo huletwa kwa meli, baada ya barua nyingi. Mji ungekunywa tope miezi sita. Fundi alipiga simu ofisini, na sauti ya Mkurugenzi ikasikika mpaka nje.

"Usizime! Modeli imesema! Atakayesaini kuzima, atajieleza mbele ya bodi!"

Simu ikakatwa. Ilikuwa saa nne na robo. Kuzima, kufungua, na kuziinua mota nne kwa winchi ya mnyororo kulitaka saa tano, mikono ikiwa na afya na mnyororo usipokwama. Fundi alifungua daftari la mitambo, akaitazama nafasi ya saini, akaiweka kalamu chini.

"Shemeji, nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Mimi nimebakiza saa saba. Lete."

"Atakuburuza mbele ya bodi, utajieleza mpaka ukauke."

"Si ndiyo kazi niliyoacha kuifanya? Miaka kumi na moja nimeandika 'kama jana'. Leo najieleza!" Akaandika kwa herufi kubwa, akasaini, na jina lake likavuka mstari kwa makusudi.

Mhandisi akachukua kalamu. Yale makofi ya maprofesa bila shaka yalimpitia masikioni, maana alifumba macho. Kisha akaandika chini ya saini ya mama yake mkubwa: *Mita 3.80 za modeli ni za ubao mpya. Sakafu iko 3.60. Msitu haupo.* Akasaini.

Fundi akazizima moja moja, zote nne. Kimya kilichoingia mle ndani hakikuwa kimesikika tangu mwaka jana; inasemekana panya watatu walitoka nje kuuliza kuna nini.

*

Saa sita mota moja ilikuwa inaning'inia kwenye boriti na mabomba ya mji yalikuwa yamekauka. Saa saba mota mbili, na getini umati wenye ndoo.

"Mama Ubao! Mto mzima umeunywa peke yako?" alipiga kelele mmoja.

"Wako wa kesho ndio ninaokuwekea!" alimjibu, na hakuacha kuvuta mnyororo.

Tatizo lilikuwa jua. Liliwaka. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Saa nane Mama Ubao alikwenda kutazama ubao: mbili na kumi. Ilikuwa mbili na kumi tangu asubuhi, maji yanapita taratibu, yamelegea, hayana habari na mtu. Aliporudi, Fundi alikuwa amekaa juu ya mota ya tatu, jasho linamchuruzika.

"Ubao unasemaje?"

"Unasema hamna kitu."

"Na wewe ndiye uliyetufundisha kuuamini ubao." Alijifuta uso. "Shemeji, mgongo wangu umekatika, mji unanitukana, na mto umelala. Nirudishe mota hizi?"

Mama Ubao alimtazama Mhandisi. Msichana alikuwa amechuchumaa pembeni na kompyuta yake mapajani, tope mpaka nyusi. Alikuwa anasubiri, kama zamani alipokuwa anasubiri kuambiwa kama bata ameshaondoka.

"Ubao haujui," alisema Mama Ubao. "Ubao haukuwahi kujua ya kesho, na mimi pia nilikuwa najua ya jana tu. Mtoto wako ameona mvua milimani, akaifuata bonde kwa bonde kwa hesabu mpaka hapa. Amesema saa kumi. Mimi namwamini kwa saa, na yeye ananiamini kwa sitini. Inuka, baba watu. Imebaki moja na nusu."

"Kompyuta ikikosea?"

"Basi utanicheka mpaka nife, na mimi nitakufa mapema nikukomeshe."

Fundi aliinuka. Mnyororo ulikwama mara mbili. Walimaliza saa tisa na dakika ishirini, mota nne juu ya boriti kama nyama ya bucha, nao watatu wamelala sakafuni, migongo kwenye simenti. Kwa hiyo ni migongo iliyosikia kwanza. Sakafu ilikuwa inatetemeka.

Mto haukuja kwa hodi. Ulikuja umebeba mizizi, mapipa, mlango wa mtu ukiwa bado na kitasa. Tatu kamili. Tatu ishirini. Saa kumi kasoro kumi maji yaligusa kizingiti cha nyumba ya pampu, yakaingia ndani polepole, kwa heshima kabisa, kama mgeni anayejua alikoalikwa. Wale wa ndoo getini waliacha kutukana.

Mkurugenzi alifika darajani na wageni wake saa kumi kamili. Saa kumi na dakika kumi maji yalisimama, na yeye, akiwa ameinama juu ya ukingo wa daraja, alisoma ubao kwa sauti ya mtu aliyeuzaa mto huo mwenyewe.

"Tatu themanini! Mnaona? Tatu themanini, sentimita haikuzidi wala haikupungua! Modeli yetu!"

Wageni walipiga makofi. Mama Ubao, aliyeketi ukingoni na nguo zilizolowa hadi kiunoni, alipiga pia, kwa nguvu kuliko wote.

"Sahihi kabisa," alisema. "Sasa njooni huku mtazame nyumba ya pampu."

Walikwenda. Mlangoni maji yalikuwa ya muundi. Ule mwandiko mwekundu, 4.20, ulionekana chini ya maji ya kahawia, unatikisika, kama samaki aliyejificha mahali pabaya. Juu yake mota nne zilikuwa zinaning'inia, kavu.

"Mbona mitambo iko hewani?" aliuliza mgeni mmoja.

Mkurugenzi alinyoosha shati lake. "Ah, hiyo ni tahadhari. Ofisi yangu ilichukua tahadhari."

"Ofisi yake imo kwenye daftari," alisema Mama Ubao, akilitoa chini ya kwapa. "Ukurasa huu hapa. Nisome, au utasoma mwenyewe? Maana kuna na habari za msitu."

Mhandisi alisogea mbele, peku, akanyoosha mkono. "Nitasoma mimi," alisema. "Msitu ni wangu." Na alisoma yote mbele ya wageni, bila kuruka neno, hata lile la msitu.

Saa kumi na moja Mama Ubao alishuka ngazi yake, kadiri maji yalivyomruhusu. Tatu na sabini, yanashuka. Alipopanda alimkuta Mkurugenzi amesimama peke yake juu ya daraja, shati limejaa matone ya tope.

"Ulisema saa kumi na moja," alisema, na mkono aliunyoosha, ingawa si kwa nguvu kama asubuhi. "Ufunguo."

"Nilisema. Nimebadilisha." Aliurudisha uzi mweusi shingoni. "Utaupata siku ambayo kompyuta yako itakuwa na safu ya nne. Tena iwe pana kuliko zote."

"Hiyo si kazi yangu, ni ya Mhandisi."

"Mhandisi ameshaanza. Anakungoja wewe usaini."

Kesho yake saa moja asubuhi alishuka kama kawaida. Mbili na tisini. Aliandika tarehe, saa, kina. Alipofika kwenye Maelezo mkono wake wenyewe, kwa mazoea, ukaandika *Kama*. Aliutazama mkono ule kwa hasira, akalikata neno kwa mistari miwili, akaanza mwanzo: *Ubao huu umefungwa sentimita sitini juu ya ule wa zamani. Jumlisha.* Iliingia mistari miwili kamili. Alipiga nukta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.